Kuogesha Ukuta

Kila asubuhi, kabla jua halijapanda vizuri, nyumba ya dobi ilianza kunukia. Ilinukia sabuni ya unga, ilinukia mvuke wa pasi, na juu ya yote ilinukia manukato ambayo Baba aliyamimina kwa kifuniko kwenye beseni la mwisho la kusuuzia. Uani palifungwa kamba saba, na kamba zote saba zilijaa mashuka na mashati ya watu. Mpita njia angeweza kufumba macho na bado akaijua nyumba ile kwa pua tu. Baba alijivunia jambo hilo. Bibi, mama yake Baba, ambaye alianza kufulia watu kabla Baba hajazaliwa, alijivunia zaidi.

Katika nyumba hiyo aliishi msichana wa miaka kumi na miwili. Walimwita Chechele kwa usahaulifu wake, wala hawakumwonea. Ni yeye aliyewahi kwenda shule na kiatu kimoja chake na kingine cha mama yake, akaja kugundua wakati wa mapumziko. Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo Chechele hakulisahau hata kwa dakika tano. Jambo hilo ni kujikuna.

Mwasho ulimkaa kwenye mikunjo ya viwiko, nyuma ya magoti na shingoni. Ngozi ya sehemu hizo ilikuwa imekauka na kukakamaa, nyeusi kuliko kwingine, na akijikuna sana ilichubuka na kutoa majimaji. Kwa nini hapo na si kwingine? Kwa nini leo na si jana? Chechele hakujua. Alijua tu kwamba vidole vyake vilikuwa na akili zake vyenyewe.

"Mjukuu wa dobi anajikuna!" Bibi alilalamika. "Watu watasema nini? Watasema tunafua nguo zao huku wenyewe tumeshindwa kutakata. Mimi nimetoa madoa ya wino. Nimetoa madoa ya mafuta ya gari. Nimetoa hata kutu. Hivi vidoa viwili vitatu ndivyo vinishinde?"

Basi kila alfajiri Bibi alimwita bafuni. Ndoo ya maji ilitoka jikoni ikifuka moshi. Bibi alishika dodoki mkono mmoja na kipande cha sabuni ya mche mkono wa pili, ile ile ya kufulia kola za mashati, akamsugua mjukuu wake kuanzia shingoni hadi visiginoni.

"Bibi, yanachoma!"

"Dawa ni lazima iume kidogo. Geuka."

Baada ya hapo alimfuta kwa taulo gumu, akamnyunyizia poda yenye harufu ya maua, akamvisha sare iliyonyooshwa vizuri na kunukia kuliko sare zote za darasa la sita. Chechele alitoka nyumbani anang'aa. Ngozi ilimkaza kama gauni la mwaka juzi, na kabla hajafika getini pa shule alikuwa ameshaanza kujikuna.

Darasani alikaa dawati moja na msichana waliyemwita Redio, kwa sababu hakuna aliyewahi kuona anazimwa. Redio alikuwa na jibu la kila swali isipokuwa maswali ya mwalimu.

"Ni mayai," Redio alimwambia. "Mjomba wangu akila yai anavimba mdomo hivi."

Chechele akaacha mayai. Mwasho ukabaki.

"Basi ni karanga."

Akaacha karanga. Mwasho ukabaki. Akaacha samaki, akaacha maziwa, akaacha maharage, mpaka mama yake akawa anamtazama mezani kwa wasiwasi, naye sketi ikaanza kumshuka kiunoni. Redio akahamia kwa paka wa jirani. Chechele akawa anavuka barabara kila akimwona paka, na paka mwenyewe akawa anamfuata, maana hakuelewa amekosa nini.

Kilichomchanganya Chechele zaidi ni kwamba mwasho haukuwa na utaratibu. Siku ya kukimbia mbio ulimwandama vibaya. Siku ya kukaa kimya akifanya mtihani wa hesabu ulimwandama vilevile. Akikimbia, taabu, akikaa, taabu. Sasa mtu afanye nini?

Siku moja Redio alifika shuleni, akaweka begi lake katikati ya dawati, akakaa ukingoni kabisa. Siku hiyo hakuzungumza, na Redio kunyamaza ni jambo la kutisha.

"Kuna nini?" Chechele aliuliza.

"Mama amesema nisikuguse," Redio alisema huku akitazama chini. "Amesema unaambukiza. Mimi sijasema. Mama ndiye aliyesema."

Chechele aliumia. Alivuta mikono ya sweta mpaka kwenye vidole ili ngozi isionekane, akakaa hivyo mpaka kengele ya kurudi nyumbani.

Bibi aliposikia habari hiyo alikasirika, na hasira ya Bibi siku zote huishia kwenye sabuni. Alienda dukani akarudi na sabuni mpya, nyekundu, yenye harufu ya kuwasha pua. Muuzaji alikuwa amemwambia kwamba inaua kila kitu.

"Kesho tunaanza na hii," alisema. "Na maji tutayaongeza moto."

Asubuhi ya kwanza ya sabuni nyekundu Chechele alilia mpaka sauti ikakauka. Asubuhi ya pili alisimama mlangoni pa bafu, akashika ndoo na kusema, "Bibi, mimi sasa nimekua. Naomba nioge mwenyewe."

Bibi alifikiri kidogo. "Haya. Lakini usugue kwelikweli. Nitasikiliza nikiwa hapa nje."

Chechele akafunga mlango. Aliitazama ndoo inayofuka moshi, akaitazama sabuni, akautazama ukuta. Kisha akachovya dodoki, akalipaka sabuni nyekundu, akaanza kuusugua ukuta kwa nguvu zake zote. Kwaru, kwaru, kwaru! Maji ya moto akayamwaga sakafuni. Yeye mwenyewe akajimwagia makopo mawili matatu ya maji ya bomba, yaliyokuwa vuguvugu tu kwa sababu tangi lilikuwa limeshinda juani jana yake, akajikausha kwa kugusagusa na kanga kuukuu, laini, iliyokuwa ikining'inia msumarini. Alikuwa hajawahi kumdanganya Bibi.

"Umesugua?" Bibi aliuliza nje.

"Nimesugua, Bibi." Hakusema amesugua nini.

Akafanya hivyo kesho yake, na kesho kutwa, na siku zilizofuata. Ndipo likatokea jambo ambalo Chechele hakulitarajia kabisa. Viwiko vilianza kulainika. Nyuma ya magoti michubuko ikakauka. Alipoamka siku ya sita alikuta hajajikuna tangu alipoingia kitandani.

Alikaa juu ya kitanda akiwa amechanganyikiwa. Inawezekanaje mtu asiyesuguliwa akapona, na anayesuguliwa akaugua? Kama kuoga sana ni kosa, mbona kila mtu mzima anahimiza kuoga? Swali lenyewe hakuweza kumwuliza mtu yeyote, maana kuliuliza ni kuitoboa siri yake.

Bibi naye alifurahi ajabu. "Mnaona?" aliwaambia wateja waliokuja kuchukua nguo. "Sabuni nyekundu! Siku sita tu!" Akamkumbatia mjukuu wake mbele yao. Chechele akatamani sakafu ipasuke aingie ndani.

Siku ya kumi baridi ilizidi, upepo mkavu ukavuma tangu asubuhi, na shule ikaamuru kila mtoto avae sweta zito la sufu. Jioni shingo ya Chechele iliwaka moto. Mwasho ulikuwa umerudi, lakini shingoni na kwenye viwiko tu, pale pale sweta lilipogusa. Chechele hakufikiria sweta hata kidogo. Alifikiria uongo wake. Aliamini kabisa kwamba uongo umemtokea shingoni ili Bibi auone.

Siku ya kumi na moja ilikuwa Jumamosi. Chechele alikuwa uani akikunja soksi za wateja aliposikia mdogo wake analia. Mdogo wake huyo alikuwa wa kiume, mwenye miezi saba, na kwa siku mbili tatu mashavu yake yalikuwa yamekauka na kuota vipele. Chechele aliingia ndani. Mama alikuwa amempakata mtoto, Baba amesimama mlangoni, na Bibi alikuwa anamimina maji ya moto kwenye beseni dogo. Mkononi alikuwa na sabuni nyekundu.

"Ameanza na huyu," Bibi alisema. "Safari hii hatungoji. Kama ilimponya dada yake, itamponya na yeye. Mvueni."

Mama alisita. "Mama, si kali mno kwa mtoto mdogo?"

"Mwulize Chechele. Kali au siyo, si amepona?"

Wote wakamgeukia. Chechele aliona moshi wa beseni, akaona mashavu ya mdogo wake, akakumbuka asubuhi ile ya kwanza alivyolia. Yeye alikuwa na mdomo wa kusema "yanachoma". Huyu hakuwa na neno hata moja.

"Bibi, usimwogeshe!" alisema. Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyokusudia. "Mimi sikupona kwa sabuni hiyo. Sikuitumia. Siku ya kwanza tu. Siku nyingine zote nilikuwa… nilikuwa nausugua ukuta."

Bibi aliacha kumimina maji.

"Ukuta gani?" Bibi aliuliza taratibu.

"Wa bafuni."

"Siku zote hizi umekuwa ukiogesha ukuta?"

"Ndiyo, Bibi. Nilikuwa najimwagia maji ya bomba tu. Nisamehe. Yalikuwa yananichoma sana."

Baba alikohoa. "Ndiyo maana ukuta ule umekuwa mweupe," alisema. "Nilidhani mmepaka chokaa." Hakuna aliyecheka. Bibi aliweka sabuni juu ya meza, akaketi, akaitazama mikono yake. Chechele aliona kwamba amemwumiza, na hilo lilimchoma kuliko maji ya moto.

"Sasa mimi sielewi," Bibi alisema mwishowe. Ilikuwa mara ya kwanza Chechele kumsikia akisema maneno hayo. "Asiyeoga amepona?"

"Hata mimi sielewi, Bibi," Chechele alisema, akaanza kulia. "Tena shingoni imerudi. Sielewi kitu chochote."

"Basi kama hakuna anayeelewa," Mama alisema huku akimfunika mtoto, "Jumatatu twende kwa anayeelewa."

Daktari wa ngozi alikuwa mwanamke mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Walipoingia wote watano walianza kueleza kwa pamoja: Mama akisema mayai, Baba akisema baridi, Bibi akisema vumbi la shule. Daktari aliwasikiliza, kisha akainua mkono.

"Shikamoo Bibi, na nyinyi wazazi, poleni. Sasa naomba nimsikie mwenye ngozi."

Chechele akasimulia yote. Alisimulia ndoo, dodoki, sabuni ya mche, sabuni nyekundu, poda na ukuta. Daktari alimtazama viwiko na shingo, akamtazama mtoto mashavu, akaandika.

"Huu unaitwa ukurutu," alisema. "Wengine huuita pumu ya ngozi. Haumaanishi uchafu, na hauambukizi. Mtu anaweza kukaa nawe dawati moja, akakushika mkono, akala nawe, asipate kitu. Mara nyingi hurithiwa katika familia." Akamgeukia Baba. "Baba, hebu nione mikono yako."

"Yangu? Hii ni kazi tu," Baba alisema. Lakini aliitoa. Ilikuwa imepasukapasuka kwenye vifundo, kavu kama udongo wa kiangazi. Chechele alikuwa ameiona mikono ile maisha yake yote na hakuwahi kuiona. Pembeni, Bibi aliingiza mikono yake taratibu ndani ya mkoba. Daktari alimwona, akatabasamu tu.

"Baba, wewe ni dobi. Nguo ukiifua kila siku kwa maji ya moto na sabuni kali, ukaisugua, inakuwaje?"

"Inachakaa. Nyuzi zinaachia, inaanza kupitisha mwanga."

"Ngozi hii nayo nyuzi zake zimeachia tangu alipozaliwa. Unyevu unatoka nje, vitu vya kukera vinaingia ndani. Ukiiongezea maji ya moto na sabuni kali, inazidi kukauka. Ukimwekea manukato na poda, inakasirika. Sufu inaikwaruza. Jasho linaiwasha. Hewa kavu, vumbi, hata wasiwasi wa mtihani unaweza kuiamsha."

Chechele akakodoa macho. Siku ya mbio, jasho. Siku ya hesabu, wasiwasi. Siku ya sweta, sufu na upepo. Kumbe mwasho ulikuwa na utaratibu wake muda wote!

"Na mayai?" Mama aliuliza.

"Wapo wachache ambao chakula huwasumbua, lakini hilo tunalipima, hatulikisii. Mwacheni ale. Amekonda bure."

Bibi alitoa mikono yake mkobani akaiweka juu ya meza. Ilikuwa imepasuka kuliko ya Baba.

"Daktari," alisema, "mimi hariri ya watu siifui hivyo. Hariri naitia maji vuguvugu, sabuni laini kidogo tu, haraka haraka. Siisugui. Siikamui. Naigandamiza ndani ya taulo, basi."

"Hivyo hivyo, Bibi. Hakuna nililobakiza kusema, isipokuwa mafuta. Akitoka kuoga, kabla ngozi haijakauka kabisa, mpakeni mafuta mazito ya mgando yasiyo na harufu. Mengi. Na apake tena mara nyingine mchana."

Bibi alimgeukia mjukuu wake. Macho yalikuwa yamelowa. "Kumbe wewe ni hariri," alisema, "na mimi nimekuwa nikikufua kama turubai."

Daktari aliwapa dawa ya kupaka sehemu zilizovimba na nyingine, nyepesi zaidi, ya mtoto, akawaeleza zitumike kwa siku ngapi. Alimwambia Chechele akate kucha ziwe fupi, na mwasho ukija aweke kitambaa kilicholowa maji baridi badala ya kujikuna. Baba alitakiwa kuvaa glavu za mpira akifua, na glavu za pamba ndani yake. Mwisho alimpa Chechele kazi ya kuwa na daftari. Kila mwasho ukimjia aandike amevaa nini, ametoka wapi, amefanya nini.

Daftari lile lilimfaa mtu mwenye jina kama lake. Baada ya wiki mbili ilionekana wazi kwamba sweta la sufu lilimkera kuliko kitu kingine chochote, kwa hiyo Mama alimshonea fulana ya pamba yenye kola ndefu na mikono mirefu, ya kuvaa ndani yake. Baada ya michezo aliosha jasho kwa maji na kubadilisha fulana. Na paka wa jirani? Daftari halikumtaja hata mara moja. Paka yule akarudishiwa heshima yake.

Siku zote hazikuwa nzuri. Wiki ya mitihani viwiko viliwaka tena, na Chechele akaogopa kwamba mambo yote yameanza upya. Lakini safari hii alijua sababu, alijua la kufanya, na baada ya siku chache viwiko vikatulia. Mashavu ya mdogo wake nayo yalirudi laini.

Redio alikuwa wa kwanza kuarifiwa kwamba ukurutu hauambukizi, na kwa kuwa ni Redio, kufikia saa nne shule nzima ilikuwa inajua, pamoja na mama yake. Begi likaondoka katikati ya dawati.

"Mimi nilijua tangu mwanzo," Redio alisema.

"Ulisema ni mayai," Chechele alimjibu.

Nyumbani, Bibi alipata shida kubwa kuliko wote. Alitakiwa kufua nguo za wajukuu wake kwa sabuni isiyo na harufu, kuzisuuza mara tatu, na kutotia manukato hata tone. Siku ya kwanza aliinua sare ya Chechele kutoka kwenye kamba, akainusa mbele, akainusa nyuma, akakunja uso. "Hainukii kitu," alisema kwa huzuni. "Maisha yangu yote sijawahi kutoa nguo isiyonukia kitu."

Kisha akachukua kikaratasi kigumu, kile ambacho dobi hubana kwenye nguo ya mteja inayohitaji uangalifu, akaandika kwa herufi kubwa: MAJI VUGUVUGU. USISUGUE. USITIE MANUKATO. Akakibandika kwenye mlango wa bafu, akamwita mjukuu wake aketi karibu naye.

"Nikuambie kitu," alisema. "Ulinilalamikia kwamba maji yanachoma, na mimi sikukusikiliza. Kosa hilo ni langu, nami naomba unisamehe. Lakini la kuogesha ukuta ni lako. Ulipofanya siri, wewe ulipata nafuu, sisi tukabaki gizani, na nusura nimuunguze mdogo wako kwa kujivunia sabuni. Mwili wako unausikia wewe peke yako, mjukuu wangu. Usipousemea kwa ukweli, sisi wakubwa tutakisia tu, na utaona tunavyokisia."

"Ndiyo, Bibi. Nitasema. Hata kama utakasirika."

"Hasa kama nitakasirika," Bibi alisema.

Akanyoosha mikono yake miwili, iliyopasukapasuka kwa miaka mingi ya kutakatisha nguo za watu. Chechele akafungua kopo la mafuta, akachota ya kutosha, na kuanza kumpaka Bibi kidole kimoja baada ya kingine, taratibu, bila kusugua.